Muda wa Kusoma Nyuma ya Kitabu

Kengele ililia mara mbili. Kahambu alifungua mlango wa fleti yake mtaani Ixelles, huku ughaibuni, akidhani ni Héritier, mchumba wake. Akakutana na mwanamke asiyemjua, kijana, mrembo, amekumbatia bahasha kubwa.

"Bonjour, yaya," alimwamkia kama dada mkubwa. "Héritier iko?"

"Haiko. Weye nani?"

"Jémima. Alisahau hii kwangu juzi, adresi ya hapa iko juu."

Kahambu alichungulia ndani ya bahasha. Zilikuwa karatasi za riwaya ya vijana iliyotokana na filamu ambayo bado haijaonyeshwa. Kampuni ya kuchapisha vitabu anakofanya kazi ilimpa aandike maneno ya nyuma ya jalada: kitabu ni cha umri gani, na kinasomwa kwa muda gani. Alimpa Héritier peke yake, kwa siri, akisome huku akiangalia saa. Jibu lilikuwa masaa sita, na ndivyo alivyoandika.

"Kwako ni wapi?"

"Koekelberg, upande ingine ya muji. Anakuja mardi na jeudi."

Jumanne na Alhamisi! Siku ambazo Héritier husema amebaki kazini, anakofua mashuka ya hoteli.

"Munafanya nini hizo siku?"

"Miye namusomea."

"Unamusomea? Bwana ya batu, mukubwa hivi, unamusomea kama mutoto?"

Jémima alijifunika mdomo.

"Yesu! Donc hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Yaya, miye nafundisha batu bakubwa kusoma, mu ukumbi ya kanisa kule Koekelberg. Héritier hajue kusoma. Anaanza-anza tu. Ile kitabu nilimusomea miye yote, six heures, masaa sita, na chai ndani."

Kahambu alikaa chini palepale mlangoni.

Miaka miwili pamoja! Mbele yake mwenyewe, mtu wa vitabu! Barua ikifika, Héritier alisema, "Nisomee weye, sauti yako ni tamu." Kwenye simu alituma sauti tu, hata siku moja hakuandika neno. Na yeye Kahambu akayaita hayo yote mapenzi.

Jémima alipoondoka akiomba msamaha, Kahambu alimpigia Héritier.

"Kuja. Sasa hivi."

Héritier alimkuta mezani. Juu ya bahasha kulikuwa na pete ya uchumba. Mwezi ujao walikuwa waende komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kufunga ndoa.

"Nani alileta hii?"

"Mwalimu yako."

Héritier aliegemea ukuta.

"Chérie..."

"Usiniite chérie! Uliniangalia mu macho ukasema six heures! Nimeiandika! Inachapishwa lundi, Jumatatu hii!"

"Ungenipenda, ungejua? Weye na diplome yako?"

"Ungenijaribu, Héritier! Ungenijaribu!"

"Vita ilifunga masomo yetu niko deuxième primaire, darasa ya pili tu. Kisha kukimbia, kisha kazi. Niliona haya. Siku ulinipa karatasi, nilienda kwa Jémima, nikamwambia: nifundishe, naoa mwanamke wa bitabu."

Kahambu aligusa bahasha.

"Na sasa, peke yako, umefika wapi?"

"Page onze, ya kumi na moja. Mwezi muzima."

Alisema akiangalia viatu vyake. Kisha akainua kichwa.

"Kahambu, hata ukiniacha, nakuomba kitu moja. Ile six heures, utoe. Mutoto anasoma polepole kama miye, ataona ile namba, atarudisha kitabu pale alikitoa. Miye ningekirudisha."

Machozi yalimtoka Kahambu bila ruhusa.

"Nitaitoa. Nakuahidi."

Alichukua pete, akaivaa. Kisha akampigia bosi wake, Anneleen.

"Jalada lilishakubaliwa na watu wa filamu," Anneleen alisema. "Kwani hiyo namba ina nini?"

"Si ya kweli. Nilimpa mchumba wangu karatasi. Hakusoma, alisomewa."

"Karatasi za siri? Ulimpa mtu wa nje?"

"Ndiyo. Tafadhali, ondoa muda."

"Unajua mkataba wako unaamuliwa wiki hii? Ungeweza kunyamaza."

"Najua."

Simu ilikatwa. Robo saa baadaye ujumbe uliingia. Kahambu aliusoma mara mbili.

"Wanasema nini?" Héritier aliuliza.

"Soma weye."

"Miye?"

"Weye."

Aliipokea simu kwa mikono miwili, akaweka kidole chini ya herufi.

"C'est... en... le... vé." Akaruka. "Enlevé! Wametoa!"

"Endelea."

"Ne... re... viens... pas... lun..."

Kidole kilisimama. Usirudi Jumatatu. Héritier alimgeukia.

"Kahambu! Wamekufukuza? Juu yangu?"

Kahambu alisogea karibu, akauweka mkono wake juu ya wake, kidole kikarudi mahali pake.

"Maliza neno."

"...di."