Gauni la Kutokea

Jua lilikuwa limeshaanza kujificha nyuma ya majabali ya Masasi, wauza mitumba walikuwa wanakunja maturubai yao, na Somoe alikuwa bado hajapata gauni.

Alikuwa ameshuka kutoka Makote asubuhi, na tangu saa nne alikuwa anazunguka. Mkononi alishika kamba yenye mafundo matatu: la kifua, la kiuno na la urefu. Pili, mwanawe, hakuweza kuja sokoni kujaribu nguo. Pili alikuwa mwali. Wiki ya tatu sasa alikuwa ndani, yeye na wenzake wawili, chini ya kungwi wao Bi Esha, na ni Bi Esha aliyempima na kuitoa kamba hiyo mlangoni. Jumamosi walikuwa wanatoka.

Na kutoka kwa mwali siku hizi si mchezo. Zamani ilitosha doti moja ya khanga mpya. Sasa kuna muziki wa kukodi, kuna mpiga picha, kuna keki, na kuna Mama Anjelina, ambaye alikuwa ameshatangazia kijiji kizima kwamba gauni la mwanawe linatoka Dar es Salaam. Jioni ya mwisho kabla ya kuingia ndani, Pili alimshika mama yake mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, lisiwe la kuchekwa tu." Binti wa miaka kumi na nne, hakuomba kingine. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yanamtembeza Somoe juani.

Magauni yalikuwepo, si kwamba hayakuwepo. La bluu lilipendeza, lakini mgongo wote nje, Bi Esha angezimia. La pinki lilikuwa na zipu iliyokufa. La rangi ya dhahabu, lile hasa, muuzaji alitaka elfu sitini, na Somoe alikuwa na ishirini, alizozipata kwa kubangua korosho za watu mpaka vidole vikababuka.

"Mama, kwa hela hiyo nakukatia mkono mmoja," kijana alimwambia, na wenzake wakacheka.

Somoe naye akacheka, angefanyaje. Lakini iliuma.

Kisha akasikia harufu.

Mafuta ya nyonyo...

Hakuna mwanamke wa Makote asiyeijua. Ndiyo mafuta wanayopakwa wali, mabinti wa unyago, wakiwa ndani, na nyumba waliyokaa hunukia hivyo kwa miezi. Lakini hapa sokoni? Katikati ya vumbi na samaki wakavu?

Aliifuata bila kujua kama anaifuata. Ikampeleka mwisho kabisa wa mitumba, pale vibanda vinapokoma na mawe yanapoanza. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia. Mbele yake palikuwa na mti umechomekwa ardhini, na juu ya mti gauni moja. Moja tu. La rangi ya maziwa, mikono mirefu ya kitambaa chepesi, shanga ndogo kifuani.

Upepo ulikuwa umetulia. Gauni lilikuwa linacheza.

"Shikamoo," Somoe alisema.

Mwanamke alilielekeza gauni kwa kidevu.

"Pima," mwanamke alisema.

Somoe akanyoosha kamba yake. Fundo la kifua likaangukia mahali pake. La kiuno, mahali pake. La urefu likafika kwenye pindo, wala halikuzidi hata ukucha.

"Mtumba?"

"Jipya. Lilishonwa Lukuledi. La mwanangu."

"Hakulipenda?"

"Hakutoka."

Somoe alielewa alivyotaka kuelewa. Wapo wali ambao kutoka kwao huahirishwa: baba anaumwa, korosho hazijalipwa, mchele haujatosha. Mtu aliyeona kitu kizuri dakika za mwisho huwa hapendi kuuliza sana.

"Kiasi gani, mama?"

"Una ngapi?"

"Ishirini." Akajilaumu hapo hapo. Angesema kumi.

"Nipe kumi. Kumi mnunulie viatu." Mwanamke akainua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelia mpaka akazoea. "Na jina lake."

"Anaitwa Pili."

"Hilo aliliacha mlangoni. Jipya."

Somoe akarudi nyuma hatua moja.

Kwao, binti anapoingia ndani jina la utoto huachwa mlangoni. Muda wote akiwa ndani huitwa mwali tu. Siku ya kutoka kungwi hulitaja jina jipya mbele ya watu, na kuanzia hapo ndiye huyo, shuleni waandike watakavyo. Kumwita tena kwa jina la utoto ni tusi, mtu hutozwa kuku. Na kabla ya siku hiyo jina jipya hujulikana na watu wawili tu, mama na kungwi. Halisemwi hata kwa baba.

Alijua. Msije mkasema hakujua.

Lakini akilini alimwona Pili amekaa mkekani kati ya wenzake, na gauni la kuchekwa. Akamwona Mama Anjelina anaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Akajiambia: hapa ni Masasi, Makote ni mbali, huyu atanijulia wapi? Akainama. Akanong'ona jina la marehemu mama yake.

"Faidha."

Mwanamke akafumba macho. Akalirudia bila sauti, midomo ikienda polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.

"Faidha," akasema. "Limemtosha."

Alikunja gauni vizuri sana, akalifunga kwa kipande cha kaniki. Somoe akaondoka haraka. Alipogeuka alimwona bado amekaa pale pale juu ya gunia, anacheka peke yake, na machozi yanamtiririka.

* * *

Jumamosi watu walijaa mbele ya nyumba ya Bi Esha.

Gauni lilikuwa limefika tangu Alhamisi. Mama wa mwali haruhusiwi kuingia ndani, kwa hiyo Somoe alilikabidhi mlangoni, na Bi Esha alilipokea. Mle ndani kila kitu kilikuwa kinanuka mafuta ya nyonyo. Harufu ya gauni ingemstua nani?

Saa kumi na moja na nusu jioni muziki ukazimwa. Nyuma ya nyumba moto ukawashwa kwenye kibanda cha nyasi walichofundishiwa wali, kama ilivyo desturi. Mwali hutoka kibanda kinawaka mgongoni mwake, naye hageuki.

Wakatoka watatu, wamefunikwa khanga gubigubi, wanatembea hatua ndogo ndogo. Viatu vipya vya Pili Somoe alivitambua mara moja. Wakaketishwa mkekani. Nyuma yao nyasi zilikuwa zinapasuka na moshi unapanda, na Somoe alidhani amesikia kitu ndani ya moto ule, kikohozi kidogo... Lakini watu walikuwa wengi, na watu hukohoa.

Bi Esha akaanza. Kila jina huitwa mara tatu, na mwali haitikii kwa mdomo. Ya tatu ikiitwa husimama, basi. Mwana wa Mama Anjelina akasimama, vigelegele. Wa pili akasimama, vigelegele.

"Faidha!"

Kimya.

"Faidha!"

"Abee."

Watu wakacheka. Mwali ana haraka huyu! Somoe hakucheka. Sauti ile ilikuwa imekwaruza, sauti ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Faidha!"

"Abee," na mwali akasimama.

Khanga ikaondolewa. Akawa Pili. Pua yake, kovu lake dogo juu ya jicho, masikio ya baba yake. Na gauni! Hata Mama Anjelina alisema "mashallah" kabla hajajizuia. Muziki ukarudi, watu wakajipanga kutunza, na Somoe akacheza mpaka mbele na noti kichwani, moyo umejaa furaha. Akamshika mwanawe mabega. Yalikuwa ya baridi.

Binti akainua macho. Akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Pili."

Noti ikaanguka.

Mtoto hamwiti mama yake hivyo. Jirani humwita hivyo. Mgeni humwita hivyo.

"Umesemaje?" Somoe alinong'ona.

Binti akasogea karibu na sikio lake. Alinukia mafuta ya nyonyo.

"Samahani, Mama Pili. Mama yangu hajafika? Nimemsubiri sana."

Somoe hakumbuki alivyopita kati ya watu. Anakumbuka tu kwamba alimvuta Bi Esha kwa nguvu mpaka nyuma ya nyumba.

"Yule siye. Bi Esha, yule siye mwanangu."

"Nyamaza. Watu wanakuangalia."

"Ameniita Mama Pili!"

Bi Esha akamtazama. Akauliza polepole, "Gauni lile umenunua kwa nani?"

Somoe akasema. Mwanamke wa mwisho, gunia, Lukuledi. Na jina. Alipofika kwenye jina, yule mzee akakaa chini, kwenye mchanga, na nguo zake za sherehe.

"Nilikuwepo," alisema. "Huu mwaka wa nne. Nilikwenda Lukuledi kumsaidia mwenzangu kutoa wali. Mmoja akapata homa, zikiwa zimebaki siku mbili atoke. Tulimzika jina la utoto keshaliacha, na jipya... mama yake alikuwa bado hajachagua. Alinishika hapa." Akagusa kifundo cha mkono. "Akaniuliza, nikienda kaburini nikimwita, nimwite nani? Tangu siku hiyo watu humwona minadani, na gauni la mwanawe, ila mimi sikuwahi kuliona."

"Na Pili? Pili wangu yuko wapi?"

Macho ya Bi Esha yalikwenda kwenye kibanda, au tuseme pale kilipokuwa. Nyasi zilikuwa zimekwisha. Lilibaki duara la majivu, na moshi mwembamba katikati.

Mbele ya nyumba muziki ukakatika ghafla. Sauti ya mwanamke ikapanda, inacheka na kulia kwa pamoja.

"Faidha! Mwanangu Faidha!"

"Abee, mama!"

Zikasikika mbio za viatu vipya. Watu walikuwa wanaulizana, huyu mama ni nani, mbona anamchukua mwali? Somoe akageuka kukimbilia huko, apigane, amng'ang'anie. Mwili ule ulikuwa wa mwanawe. Alikuwa ameuzaa yeye. Hatua mbili, ya tatu, akasimama.

Maana angemshika nani?

Akarudi mpaka kwenye ukingo wa majivu. Jua lilikuwa limezama na joto la moto lilikuwa bado linampiga usoni. Akavuta pumzi, akaita jina ambalo halifai kuitwa tena.

"Pili!"

"We! Hilo haliitwi!" Bi Esha alimdaka khanga.

"Pili!"

Moshi ukasimama wima.

"Abee, mama."

Chini. Karibu. Sauti ile ile ndogo iliyomwambia jioni ile asimletee gauni la kuchekwa. Somoe akapiga magoti na kilio kikamtoka, kilio cha mtu aliyemuuza mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

"Nipo hapa mwanangu! Nipo!"

"Mama... kuna giza humu. Wenzangu wameondoka. Nitoke?"

Mkono wa Bi Esha ukamziba mdomo.

"Usimjibu," mzee alimnong'oneza sikioni. "Jina la kutokea hana, limechukuliwa. Mwili umechukuliwa. Ukimruhusu atoke, Somoe, atatoka na nini? Atatoka nani? Mimi sijui, na bibi aliyenifundisha hakunifundisha hilo. Muache. Twende tukamsomee dua."

"Mama? Nitoke?"

Huko mbele vilio vilikuwa vimeanza, na mtu alikuwa anapiga kelele kwamba wameingia kwenye mikorosho, wale wawili, wameshikana mikono. Somoe aliyasikia yote. Akaushika mkono wa mzee, akautoa mdomoni mwake taratibu, bila hasira, akauweka pembeni.

"Toka," alisema. "Toka, mwanangu."

Katikati ya duara majivu yakaanza kuinuka.

Bi Esha akakimbia. Somoe hakukimbia. Alifungua khanga yake ya juu, akaikunjua, akaishika kwa mikono miwili tayari kumfunika.