Mume Wangu, Usiniache Tena

"Mbao," alisema Fundi, akigonga ukuta wa kasri kwa kifundo cha kidole. "Mbao na rangi, Mwalimu. Kwa nyuma wameegemeza na vyuma."

"Fundi, hili ni kasri la kuchezea watoto. Ulitaka liwe la mawe?"

"Nilitaka wasiniambie ni kasri."

Mwalimu akacheka, akaendelea kutembea taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lake.

Fundi alishona mapazia na kupamba makochi, na ukishakaa miaka ishirini na cherehani, macho hayakuachi ufurahie kitu. Tangu waingie kwenye ile bustani ya burudani saa nne asubuhi alikuwa hajafunga mdomo. Dubu mkubwa aliyewapungia mkono langoni ameshonwa kwapani kwa uzi wa rangi nyingine. Ndege wanaolia mitini ni spika, nayo imefichwa ndani ya jiwe, na jiwe lenyewe la plastiki. Watu wazima wenye akili zao wanapanga foleni nusu saa ili wapige kelele dakika mbili. Haya yote aliyasema kwa sauti, mpaka dubu akasikia.

Kilichomchanganya ni kwamba alikuwa anafurahi. Kwenye vile vikombe vikubwa vya kuzunguka alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Aliposhuka akanuna, maana hakuelewa amecheka nini, na hakupenda kuchekeshwa na kikombe.

"Umefurahi," Mwalimu alimwambia.

"Nimezungushwa. Ni vitu viwili tofauti."

"Haya."

Hapo ndipo alipomchosha, huyu mwanamume. Habishani. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa makamo, aliyeachana na mkewe zamani sana mpaka watoto wao wamesahau ugomvi ulikuwa wa nini. Miaka miwili iliyopita alileta viti vya gari la mafunzo vishonwe upya, vimechanwa na wanafunzi wenye wasiwasi. Viti vikaisha. Yeye akaendelea kuja. Chai moja, chai mbili, na wiki tatu zilizopita akaweka kikombe chini akasema anataka wafunge ndoa.

Fundi alikuwa mjane wa miaka minne. Alijibu kwa kuomba muda.

"Nipe mpaka Jumamosi ya tatu."

"Nakupa," Mwalimu alisema. "Ila ukisema hapana, Fundi, sitaweza kuendelea kuja kunywa chai kama vile sikuuliza. Nitaumia. Nitakaa kwangu."

Jumamosi ya tatu ndiyo hii. Tiketi Mwalimu alipewa kazini, akaona heri jibu alipokee mahali penye makelele. Na Fundi, mpaka wanafika chini ya treni ya angani, ile inayokwea na kuanguka ghafla, alikuwa hana jibu. Hakujua kama anamtaka yule mwanamume au anaiogopa tu nyumba yenye sahani moja. Ameliwaza hilo akishona, akiosha vyombo, akipiga mswaki. Kila akilishika linateleza.

Treni ikapita juu yao ikipiga mayowe.

"Mimi sipandi," Fundi alisema.

"Sawa. Tukanywe soda."

"Mbona hunibembelezi?"

"Umesema hupandi."

"Ndiyo, lakini wenzio hubembeleza."

"Fundi, unataka kupanda?"

"Sitaki!" Akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia mkoba wake. "Twende, kabla sijapata akili."

Wakapanda. Chuma kikashuka mapajani. Treni ikakwea polepole, ta-ta-ta-ta, mpaka miti ikawa midogo na lile kasri la mbao likaonekana kutoka juu, zuri kabisa, na Fundi akashangaa kuliona zuri. Kisha dunia ikaondoka chini yake.

Alichokisema wakati wa kuanguka hakukijua. Alipopata fahamu sawasawa alikuwa amesimama kwenye kibanda cha picha, na msichana mwenye kofia ya masikio ya dubu anamwangalia kwa mapenzi makubwa.

"Mama, ya kwenu ndiyo kali ya leo! Ulivyomwita mumeo, mpaka mwenzangu kaacha kula. Ngoja niwatumie kwenye simu, kipande cha sekunde kumi."

"Nimemwita nani?"

Msichana akabonyeza. Kwenye skrini akatokea Fundi, mashavu yamepeperuka, macho yamefumbwa, na sauti ikatoka mpaka watu wa foleni wakageuka:

"Mume wangu! Mume wangu jamani! Usiniache tena—"

Kikakatika hapo.

Mwalimu alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyepewa zawadi ya mwenzake kwa makosa. Miaka miwili wameitana Fundi na Mwalimu, hata siku za ugonjwa.

"Umeniita mume," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi akajipepea kwa mkoba. Uso ulikuwa unamwaka moto.

"Binti, rudia kidogo," Mwalimu alimwambia msichana.

Msichana akarudia. Mume wangu jamani, usiniache tena. Na safari hii tabasamu la Mwalimu likaondoka taratibu, kuanzia machoni.

"Tena," alisema.

"Tena nini?"

"Umesema usiniache *tena*. Mimi sijawahi kukuacha, Fundi. Hata siku moja. Hata ile siku uliyonifukuza nilirudi jioni kuchukua mwavuli."

"Mwalimu..."

"Aliyekuacha ni marehemu. Ulikuwa unamwita yeye."

"Sijui nilikuwa namwita nani! Nilikuwa naanguka!"

"Ndiyo maana. Mtu akianguka hapangi maneno." Hakuwa na hasira. Kama angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "Sikulaumu hata kidogo. Mume mwema hasahauliki. Lakini mimi siwezi kuoa nyumba ambayo mwenyewe bado yumo. Jibu nimelipata. Nitakuwa langoni, pumzika kwanza, nikurudishe kwako."

Akaondoka, mikono nyuma.

Fundi akajikokota mpaka kwenye benchi, karibu na lile jiwe la plastiki linalolia kama ndege. Moyo ulimuuma na hakujua unaumia upande gani. Je, kama ni kweli? Mumewe alifariki hospitali, yeye Fundi akiwa ameshuka chini kufuata dawa. Aliporudi walishamfunika uso. Lile neno usiniache hakuwahi kulisema. Alilimeza, na miaka minne lilikuwa limekaa kooni. Huenda lilikuwa linasubiri mahali pa kutokea, likaona treni.

Akamtumia video mtu mmoja tu duniani anayeweza kuihukumu: wifi yake, dada wa marehemu. Jibu likaja haraka.

*Wifi, hiyo sauti yako au wanachinja mbuzi?*

Akaandika: *Sina utani leo. Mwalimu kaisikia. Kasema namwita kaka yako. Kaondoka.*

Simu ikaita papo hapo.

"Wifi, uko wapi?"

"Kwenye benchi. Jiwe linaniimbia."

"Jiwe... haya, tuache. Niambie ukweli. Ulikuwa unamwita nani?"

"Sijui, wifi. Naapa sijui. Nikisema namwita kaka yako, naona kama nimemvunjia heshima huyu. Nikisema namwita huyu, naona kama nimemvunjia heshima kaka yako. Na wewe je? Nikikwambia nataka kuolewa si utaninunia?"

"Nitanuna."

"Unaona!"

"Nitanuna wiki moja, kisha nitakuja kula pilau lako la harusi nilikosoe. Sikiliza. Kaka yangu nilimpenda kabla hujamjua. Kama ni yeye uliyemwita huko juu, hajakusikia, wifi yangu. Na mimi kusema hivyo kunaniuma kuliko unavyodhani. Yule aliyekusikia yuko wapi?"

Fundi akaanza kulia. Alilia vizuri, bila kujificha, mpaka dubu akasimama mbali akijiuliza kama anaruhusiwa kumfariji mtu mzima.

"Lia, lakini usikate simu," wifi alisema.

"Si hilo tu. Na mguu unaniuma."

"Mguu umefanyaje?"

"Sijui. Kidole gumba. Ngoja." Akavua kiatu. "Uuuh! Kimevimba, wifi! Na juu ya kiatu kuna alama ya soli. Mtu kanikanyaga."

"Kakukanyaga nani? Mlikuwa wangapi kwenye hicho kiti?"

"Wawili."

"Basi ni huyo."

"Kwa nini Mwalimu anikanyage mguu angani?"

Akakaa wima. Kiatu mkononi, simu sikioni. Kitu kilikuwa kinamrudia, kwa vipande, kama ndoto ya asubuhi: upepo, chuma mapajani, na mguu mzito wa mwanamume ukimgandamiza kwa nguvu zote kila treni inaposhuka.

"Wifi."

"Nakusikia."

"Alikuwa anakanyaga breki."

"Breki gani?"

"Ya mwalimu! Gari la mafunzo lina breki upande wa mwalimu! Wifi, nitakupigia!"

Akarudi kwenye kibanda akichechemea, kiatu mkononi, akawapita watu wa foleni bila hata samahani.

"Binti! Ile video ina mwisho?"

"Ya kwenu? Mashine ina safari nzima, mama. Simu natuma sekunde kumi tu."

"Nitafutie pale ulipokatia. Usiicheze. Mwenzangu lazima asikie."

Akamwandikia Mwalimu ujumbe: *Rudi kwenye picha. Sijakupa jibu. Halafu umenivunja kidole.*

Mwalimu alirudi mbio, mtu ambaye Fundi hajawahi kumwona akikimbia.

"Kidole? Kipi? Nani?"

"Wewe. Nyamaza usikilize. Binti, weka."

Skrini ikawaka. Mashavu yakapepea, sauti ikatoka:

"Mume wangu! Mume wangu jamani! Usiniache! Tena toa mguu wako, unanivunja kidole! Mwalimuuu! Humu hamna breki!"

Na sauti ya Mwalimu ikajibu kutoka ndani ya upepo, ya adabu kabisa, macho nayo yamefumbwa:

"Samahani, Fundi! Mazoea!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Msichana wa picha alilazimika kushika meza. Mwalimu akasimama kama aliyemwagiwa maji, akatazama skrini, akatazama kidole cha Fundi kilichovimba, akatazama kiatu chake mwenyewe.

"Mimi nimefanya hivi?"

"Safari nzima."

"Siamini. Nilikuwa nimetulia."

"Umetulia wapi? Ulikuwa umefumba macho!"

"Kwa hiyo..." Akainua macho. "Kwa hiyo ulikuwa unaniita mimi."

Hapa Fundi angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha, watu wakapiga makofi. Walikuwa wanasubiri kupiga. Lakini alikuwa mtu wa kugonga kuta.

"Njoo pembeni," alisema.

Wakaenda nyuma ya kibanda, penye ndoo na mafagio, mahali pekee pale ndani ambapo hapakupakwa rangi.

"Mwisho wa maneno yangu ni wako, umesikia mwenyewe. Ule mwanzo sijui, Mwalimu. Sikudanganyi. Labda nilikuita wewe. Labda nilimwita yeye. Labda nilimwita yeyote mwenye mikono. Nimejiuliza pale kwenye benchi mpaka kichwa kimeuma. Kama unataka mwanamke aliyemaliza kulia, mimi siye. Naweza kukaa miaka kumi kwako na siku moja nikalia vitunguu havipo."

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kupinda kona.

"Nilikosea kuondoka," alisema mwishowe. "Nilisikia neno moja nikakimbia nalo. Nimekaa langoni pale najiambia sijawahi kukuacha, na ninajiambia hivyo nikiwa nimekuacha kwenye benchi."

"Ndiyo. Uliniacha."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe la benchi. La kidole bado."

Akacheka kidogo, kisha akawa mtu wa dhati tena.

"Marehemu akae," alisema. "Nilisema siwezi kuoa nyumba ambayo mwenyewe bado yumo. Nimekosea. Picha yake ibaki ukutani, na vitunguu nitakuwa nakata mimi. Ninachotaka kujua ni kimoja tu. Mimi nina nafasi humo, au nimekuja kunywa chai?"

Fundi akamtazama. Mwanamume mwenye vumbi la mbio kwenye suruali, anayeogopa treni kuliko yeye na hakuwa amesema. Bado hakuelewa mambo mengi. Hakuelewa kwa nini kasri la mbao lilimpendeza kutoka juu, wala kwa nini amelia na kucheka mahali pamoja, kwa siku moja, akiwa na kiatu kimoja. Lakini miguu yake ilikuwa chini, imara, hakuna kilichokuwa kinaanguka, na macho yake yalikuwa wazi. Akaona huo ndio wakati wa kujaribu.

"Mume wangu," alisema.

Lilitoka dogo, likakwaruza kooni. Akasubiri aone ni uso wa nani utakaomjia. Ulikuwa mbele yake, umetoa jasho, umekunja kipaji kwa kutoamini masikio.

Safari hii alijua anamwita nani.

"Naam," akajibu Mwalimu.