Sakafu Iliyoitikia Kabla ya Mashabiki

Saa tisa na nusu alasiri ukumbi ulikuwa na watu watatu. Hakuna hata mmoja wao aliyefungua mdomo pale mstari ulipoitikiwa.

Nizar alikuwa jukwaani akijaribu sauti kwa ajili ya onyesho la jioni. Alifika kwenye mstari unaojulikana na kila kijana wa Meknes: "Nani aliuza bangili nikaingia studio?" Kwa mazoea akaelekeza maiki mbele ili mashabiki wamalizie. Mbele yake palikuwa na sakafu tupu.

"Mama," sakafu ikajibu.

Ilikuwa sauti ya mtoto. Ghizlane, dada yake na fundi wake wa sauti kwa miaka sita, aliziona taa za kipimo cha maiki zikipanda, kisha zikashuka.

"Bouchaib, acha ujinga," Nizar akasema.

"Ujinga gani? Mimi nina ndoo mkononi huku," akajibu Bouchaib, fundi wa mashine ya moshi.

"Basi mwambie mwanao anunue tiketi kama wenzake."

Bouchaib akanusa hewa. Harufu ilikuwa imeanza kupanda, ya sufu iliyoungua, kama ya vichwa vya kondoo vinavyobabuliwa mitaani siku ya Idi. Jengo lile zamani lilikuwa machinjio, lakini halikuwa limechinja kwa miaka ishirini.

"Malizia wimbo, tukale," Ghizlane akasema.

Nizar akaendelea hadi mstari wa mwisho: "Nani huyu anayekuja?" Mkono ukageuza maiki wenyewe.

"Nizar."

Safari hii sauti ilikuwa karibu. Ilitoka kwenye mfereji wa damu chini ya jukwaa, wenye kifuniko cha chuma.

Simu ya Ghizlane ikaita. Mama yao alitaka kumtakia mwanawe heri. Nizar akaipokea. "Naam..." Mdomo ukafunguka, ukafumba. "Naam, bibi," akasema, akakata.

"Tangu lini mama amekuwa bibi?"

"Halitoki," akanong'ona.

"Nini hakitoki?"

"Hilo neno. Ulilolisema sasa hivi."

"Usinitanie, kaka. Haya, sema jina lako."

Akajaribu. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena akiwa ameshika koo kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka.

Bouchaib akaweka ndoo chini. "Asubuhi kaka yako alimwaga lile pipa la maji ya moto," akamwambia Ghizlane kwa sauti ya chini. "Tuliyojaribia barafu ya moshi. Kayamwaga yote kwenye mfereji huu. Nikamwambia, mdogo wangu, taja jina la Mungu kwanza, uombe radhi kwa wenye mahali. Akanicheka. Eti, jini gani akae machinjio ambayo nyama ilishakwisha?"

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilisema kimoyomoyo. Sijui kama inahesabiwa."

Akatoka mbio kumleta Hajja Tamou, mwanamke ambaye watu wa mtaa ule humwita wanapopatwa na mambo kama hayo. Alifika kabla ya magharibi na pakiti ya maziwa na chumvi kutoka duka la pembeni. Akapiga magoti, akatega sikio kwenye kifuniko.

"Mmeunguza mtoto wa wenye mahali," akasema. "Mdomoni. Sasa anatafuta maneno ya kuvaa. Kila utakalomwachia amalizie, atalibeba."

Ghizlane alijua hesabu ya onyesho. Nizar hugeuza maiki mara thelathini kwa saa moja.

"Aliyemwaga aombe radhi mwenyewe," Hajja Tamou akaendelea. "Ataje jina lake na la mama yake."

Nizar akamtazama dada yake. Nje ya ukuta mashabiki walikuwa wamejaa langoni na walikuwa wameanza kuliita jina, Nizar, Nizar, na kila walipoliita, chini ya chuma kitu kililirudia baada yao, kwanza taratibu kama mtoto anayejifunza kusoma, kisha kwa kasi, kisha pamoja nao, huku ile harufu ya sufu ikizidi hadi Bouchaib akajifunika pua kwa shati na kifuniko kikaanza kutikisika mahali pake, na Nizar akipanua mdomo, akipanua, kama mtu anayezama, bila hata kukohoa.

Ghizlane akampokonya Hajja maziwa, akayamimina mferejini. "Tusameheni, wenye mahali! Mimi Ghizlane binti Rqia, huyu ni damu yangu. Mrudishieni!"

Kifuniko kikatulia.

"Mama," Nizar akasema. Kisha: "Nizar. Mimi Nizar." Akacheka huku akilia.

Hajja Tamou hakucheka. "Nilisema aliyemwaga," akamwambia Ghizlane. "Nani alikutuma ulitaje lako?"

Onyesho lilianza kwa kuchelewa kidogo. Watu elfu tatu waliitikia kila mstari, na kila neno lilibaki kwa mwenyewe. Harufu ilikuwa imekwisha. Ghizlane, kwenye meza ya sauti katikati ya ukumbi, alianza kupumua.

Kabla ya wimbo wa mwisho Nizar akanyamazisha mdundo. "Kuna mtu hamjawahi kumwona," akasema. "Leo kaniokoa. Dada yangu, ndiye anayewafikishia sauti yangu. Anaitwa nani?"

Akageuza maiki kwa mazoea.

Mashabiki hawakulijua jina hilo. Watu elfu tatu wakanyamaza.

"Ghizlane," mtoto akajibu.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Kijana aliyesimama kando ya meza akamwinamia fundi wa sauti, akauliza kwa furaha, "Ni wewe, dada? Ndiwe huyo?"

Yeye akafungua mdomo kumjibu, ikatoka pumzi tupu. Chini ya meza kulianza kunuka sufu iliyoungua.