Pete Iliyobana Kidoleni

Mke wangu ni mwokaji wa mikate. Mtaani wanamwita Mama Tanuri. Tanuri letu liko chumba cha nyuma, na mbele yake iko mizani kubwa ya kupimia magunia ya unga. Yeye anakanda na kuoka. Mimi nafunga mikate kwenye karatasi na kuipeleka madukani kwa baiskeli. Ikifika saa mbili asubuhi, kazi kubwa ya siku imekwisha.

Hapo mtu wa kawaida angejinyoosha kitandani. Mke wangu huvaa viatu vya mbio na kupanda mlima.

Alianza akiwa na miaka arobaini na tatu. Nilimcheka sana.

"Mama Tanuri, unakimbizwa na nani?"

"Na wewe," alinijibu. "Siku ukinishika, nitaacha."

Sijamshika mpaka leo. Nasema kweli, sijaona mtu mwenye moyo kama ule.

Mwaka huu alijiandikisha katika mbio ndefu za mlimani za kiangazi. Ni kilomita sitini. Unapanda kwa njia ya mawe, unavuka kilele, unashuka upande wa pili, kisha unarudi ulikotoka. Mbio zinaanza saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja jioni mstari unafungwa. Ukifika kabla ya hapo, jina lako linasomwa kwa kipaza sauti mbele ya watu wote.

"Maisha yangu yote jina langu limesomwa kliniki tu," mke wangu alisema. "Safari hii nataka lisomwe nikiwa mzima."

Mimi sikimbii, kwa hiyo nilijipa kazi ya maji. Sisi watu wa tanuri tuna desturi yetu. Kila trei ya mikate inapotoka, unakunywa kikombe kizima cha maji, uwe na kiu usiwe na kiu. Nikaihamishia mlimani desturi hiyo.

Jumamosi moja, wiki sita kabla ya mbio, alikwenda kufanya mazoezi marefu. Alikuwa akizunguka chini ya mlima, na mimi nilikaa kwenye kivuli na dumu langu. Kila alipopita, nilimpa chupa mbili.

"Nimeshiba maji, baba watoto."

"Kunywa! Jua hili si la mchezo."

Akanywa ili kuniridhisha. Mzunguko wa tatu alirudi akitembea. Uso ulikuwa umevimba. Alikuwa akihangaika na pete yake ya ndoa.

"Pete inanibana," alisema. "Na kichwa kinaniuma."

"Ni joto hilo. Kunywa."

Akanywa tena. Akatapika. Halafu akanitazama kama mtu mgeni, akauliza, "Trei ya mwisho umeitoa?"

Tulikuwa mlimani, mbali na tanuri. Nikampigia simu jirani yetu, ambaye ni muuguzi, nikamweleza hali yake na maji aliyokunywa.

"Shemeji, usimpe maji tena, hata tone," alisema. "Usingoje. Mlete hospitali sasa hivi!"

Nilisimamisha lori la kuni, dereva akatupakia. Hospitali walimpima damu, wakamtundikia dripu ya chumvi. Alasiri akanitambua. Akaniuliza kwa nini nalia.

Siku ya tatu muuguzi alikuja kwetu kumjulia hali. Mimi nilikuwa nimeshaamua.

"Mbio basi," nilisema. "Jina lake nitamsomea mimi mwenyewe hapa nyumbani, kila asubuhi."

Mke wangu akainamisha kichwa. Yeye ni mtu wa kubishana, na siku ile hakubisha. Niliona jinsi alivyovunjika moyo, na nikaumia.

Muuguzi akavuta kiti. "Shemeji, wewe ni mtu wa mikate. Ukizidisha maji kwenye unga na usiongeze chumvi, unapata nini?"

"Mkate chapwa."

"Basi damu ya dada ilikuwa chapwa. Mtu akikimbia kwa saa nyingi, mwili hautoi mkojo kama siku nyingine. Maji ya ziada yanabaki ndani. Chumvi ya damu inakuwa nyepesi, na ubongo unavimba. Vidole vikivimba, pete ikibana, kichwa kikiuma, mtu akitapika, hizo ni dalili. Akianza kuchanganyikiwa, ni hatari ya kifo."

Mimi ndiye niliyemjaza maji yale, tena kwa mapenzi.

"Kwa hiyo asinywe?" niliuliza.

"Anywe! Asipokunywa kabisa, jua litamwangusha. Maji abebe wakati wote. Lakini anywe akisikia kiu yeye, siyo ukisikia hofu wewe."

Mke wangu akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Jumamosi.

"Na chumvi?" aliuliza.

"Kula njiani vitu vyenye chumvi, kama viazi vya kuchemsha au karanga. Ila chumvi haitakuokoa ukizidisha maji. Sasa, kuna kitu wakimbiaji wengi hawana na nyinyi mnacho." Akanyoosha kidole kwenye mizani ya unga. "Jipime kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi. Uzito ukipungua kidogo, ni sawa. Ukipungua sana, ulikunywa kidogo mno. Ukiongezeka, ulizidisha."

"Na mbio je?" Mke wangu aliuliza polepole.

"Daktari akikupima na kukuruhusu, mimi sina neno."

Mke wangu akanigeukia. "Kosa lilikuwa la maji, baba watoto. Miguu haikukosa kitu."

Nikakubali. Wiki iliyofuata daktari alimpima akamruhusu. Jumamosi akapanda kwenye mizani, mahali pa gunia.

"Gunia la kwanza lenye viatu," nilisema.

"Soma namba, acha maneno."

Alirudi amepungua kilo moja tu. Jumamosi iliyofuata alikimbia muda mrefu zaidi, akapungua kilo moja na nusu. Muuguzi alipoona namba hizo, alitabasamu.

Siku ya mbio, jua liliwaka bila huruma. Kazi yangu ilikuwa kumngoja kwenye kituo cha kilomita ya arobaini na tano. Nilikuwa na chupa ya maji na viazi vyenye chumvi. Saa kumi kasoro robo nilimwona akishuka kwenye mawe. Vumbi lilimjaa mpaka kwenye kope. Wanaume wenye nusu ya umri wake walikuwa wamekaa chini, viatu wamevua. Yeye alikuwa anakuja.

Mkono wangu uliinuka wenyewe na chupa. Jasho lile, jua lile! Nilitaka kusema kunywa. Nikajikaza.

"Una kiu?"

Alifikiri kidogo. "Hapana, nimekunywa pale juu. Njaa ninayo."

Nikampa viazi. Akala viwili akiwa amesimama. Halafu akaninyooshea mkono, akaizungusha pete yake kidoleni. Ilizunguka vizuri. Kabla sijasema neno, amekwenda.

Nikashuka kwa gari la waandaaji mpaka kwenye mstari wa mwisho. Muuguzi alikuwa pale, akihudumu katika hema la huduma ya kwanza. Saa kumi na mbili ikafika. Ikapita robo, ikapita nusu. Watu walikuwa wakifika mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa yeye. Msoma majina akatangaza kuwa zimebaki dakika kumi na tano.

Ndipo nikaona kofia yake kwenye kona. Alikimbia hatua fupi fupi, zile zile za siku zote, kama mtu anayewahi trei isiungue. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akavuka mstari dakika kumi na mbili kabla ya saa moja.

Majina yake yakasomwa kwa kipaza sauti, yote matatu. Mlima ukayarudisha. Watu wakapiga makofi, na mimi nikalia tena hadharani, bila aibu.

Muuguzi akamwangalia macho na vidole. "Dada, unajua uko wapi?"

"Niko mwisho wa kilomita sitini," alijibu. "Na mikate ya kesho haijakandwa."

Kisha akaja kwangu, akaniwekea mkono begani.

"Baba watoto," alisema, "sasa nina kiu."

Nikampa chupa.