Kichwa cha Tano

Mgeni karibu hima, shamba letu lapendeza;
Ila asiye na mama hainami kwa kucheza.

Kichwa cha tano kilikuwa baridi. Wacuka, aliyetoka Kitengela na bintiye Cate kutembelea mashamba ya vitunguu ya Mashuuru, alidhani ni kwa sababu ya kivuli cha ghala. Watoto wa shamba walikuwa wamejipanga na kuinamisha vichwa, kama wafanyavyo watoto wa Kimaasai, ili mgeni awaguse utosini. Naye Cate, kwa kuiga, akajipanga nao. Wacuka akawagusa wote huku akicheka. Kiganja chake kikabaki kikinuka udongo uliolowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

Timiro, mwenye shamba, hakucheka. Alimvuta kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba watoto wa pale ni watatu, na Cate ni wa nne.

"Lakini nimegusa watano, mama."

"Nimeona. Huyo ni jini wa huku, hana mama. Umempa ruhusa mara moja. Atakuja kuomba ya pili, na ukimpa, wewe ni wake. Hata akuje na sura gani, usimguse. Jua likizama ataenda."

Kisha akamwagiza Cate asitamke neno lolote hadi wafike Kitengela. Cate, mtoto msikivu, akafumba mdomo.

Wacuka alimshika bintiye mkono hadi kwenye gari. Aliuachilia mara moja tu, afungue mlango. Na alipogeuka, harufu ya udongo uliolowa ikiwa imetanda juu ya matuta makavu, na kengele za mbuzi zikiwa zimenyamaza zote kwa pamoja, aliwaona akina Cate wawili, gauni lilelile, vumbi lilelile viatuni, wameinamisha vichwa mbele yake wakingoja.

"Usiguse yeyote," Timiro alinong'ona nyuma yake. "Mama Cate, ngoja jua."

Wakangoja. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole juu ya kilima pale mtoto mmoja alipoanza kutetemeka.

"Mami," akasema, "shingo inauma. Umenikasirikia?"

Mkono wa Wacuka uliitangulia akili yake. Kichwa kilikuwa baridi. Vidole vidogo vikakishika kiganja chake, na Wacuka na huyo aliyemshika wakaenda zao katikati ya vitunguu, wala hakuna jani lililotikisika. Timiro alisoma dua zote alizozijua mpaka vumbi likatulia.

Kando ya gari alibaki amesimama Cate, kichwa kingali kimeinama, kimya kama alivyoagizwa.