Kababu za Kaa

Kila saa ya chakula, Joselyne aliketi mwisho wa benchi, karibu na bomba la maji. Tangu ahamie shule ya mtaa wa Niboye kutoka Bujumbura, hakuna mwanafunzi aliyemfukuza, lakini hakuna pia aliyemwita. Alikula maharagwe yake akitazama matone yakidondoka. Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mama yake, mpishi wa hoteli huko Kiyovu, aliondoka alfajiri na kurudi akiwa amechoka.

Siku moja Mwalimu Nduwayo alileta konokono darasani. Akauliza ni wanyama gani wengine wenye gamba.

"Kaa na kamba, Mwalimu," Joselyne alijibu. "Mama yangu huwapika."

Darasa zima likageuka kumtazama. Kengele ikalia kabla mwalimu hajaeleza zaidi.

Mchana huo Alida, aliyeketi dawati la mbele, alikuja na sahani yake. "Wewe mjuzi wa bahari, sogea," akasema. Walicheka mpaka wakachelewa kunawa.

Mama aliposikia habari hiyo, alisahau uchovu. Kesho yake alimfungia Joselyne kababu mbili za kaa. "Moja yako, moja ya rafiki yako."

Alida aliinusa yake. "Ni kamba? Mimi nikila kamba midomo huvimba na koo hubana. Harusini kwa shangazi nilikimbizwa hospitali."

"Si kamba. Ni kaa. Kaa ni jamii ya konokono."

"Una hakika?"

"Mpishi ni mama yangu au wako?"

Alida akacheka, akaipeleka kababu mdomoni. Joselyne akaitazama ikipanda. Hakuwa na hakika hata kidogo. Alijua tu kwamba akikiri hivyo, benchi litabaki tupu tena.

"Usile," akasema, akamshika mkono. "Sijui. Nilisema tu."

Alida aliiweka kababu chini taratibu. "Kumbe ungeniua hivihivi?" Akachukua sahani yake, akaondoka.

Joselyne alizipeleka kababu zote mbili kwa mwalimu, akamweleza kila kitu. Mwalimu Nduwayo alimvutia kiti kwanza, kisha akazungumza.

"Jikoni kaa, kamba, kome na chaza wote huitwa samakigamba, kwa kuwa wana gamba na huliwa. Lakini si jamii moja. Kome na chaza ni moluska kama konokono: mwili wao ni laini, hawana miguu yenye viungo. Kaa na kamba wana miguu ya viungo, na wakikua hujivua gamba la zamani. Kaa ni ndugu wa kamba. Anayedhuriwa na mmoja huenda akadhuriwa na mwenzake. Wapo wanaodhuriwa na moluska pia. Hayo huulizwa daktari."

"Sasa nimebaki peke yangu, Mwalimu."

Mwalimu alimpa kitambaa cha kufutia machozi, akakaa naye mpaka kengele ilipolia.

Siku iliyofuata Joselyne aliketi tena karibu na bomba. Maji yakadondoka. Mara kivuli kikaangukia sahani yake. Alikuwa Alida, ameshika parachichi lililokatwa vipande viwili.

"Bado nimekukasirikia," akasema. "Ila Mama amesema mkono ulionishika ni mkono wa rafiki. Sogea."

Mwalimu Nduwayo, aliyekuwa akipita, alisimama kidogo. "Mtu hapungui kwa kusema hajui," akawaambia. "Neno hilo jana lilimgharimu Joselyne rafiki, hata hivyo alilisema. Ndiyo maana leo mko wawili."

Joselyne akasogea.