Picha ya Saa Nne na Dakika Kumi

Jumatano, tarehe 26 Februari, saa tatu kasoro robo asubuhi, maji yalikuwa yamekupwa mbele ya kisiwa cha Jibondo. Bi Hamisa alishuka na wenzake kuangalia mwani wao kwa mara ya kwanza tangu bamvua lililopita, siku za maji kukupwa sana, akakuta kamba zake kumi na tisa zimekatwa. Mwani wenyewe haukuibwa. Kazi ya wiki sita ilikuwa imetawanyika mchangani, nyingine imeshaoza. Bi Hamisa alikaa kitako pale pale akalia kama aliyefiwa, na hakuna aliyemcheka.

Kufika adhuhuri mkosaji alikuwa ameshapatikana, tena na mashine. Mradi wa doria ya bahari ulikuwa na droni inayopiga picha ufukweni, na kompyuta yenye akili bandia inayotambua watu walio pichani. Kompyuta ilitoa picha ya mwanamume aliyeinama kati ya kamba, kisu mkononi. Chini yake pameandikwa: Mabruki Ally, asilimia 91, 20 Februari, 04:10. Mabruki alikuwa mvuvi wa Kilwa aliyepiga dago, kambi ya wavuvi, Jibondo, na picha yake ilikuwamo kwenye orodha ya wavuvi wageni. Saa kumi jioni alikuwa mahabusu Kilindoni.

Wakili Warda Hemedi aliipata habari sokoni. Alikuwa amesomea sheria za droni na akili bandia Dar es Salaam, kisha akarudi kwao Mafia kufungua ofisi, jambo lililowachekesha watu. Walimwita Wakili wa Ndege, wakamuuliza kama na kuku nao huwatetea. Warda alicheka nao, lakini moyoni lilimuuma. Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa kituoni, mbele ya Mabruki.

"Huyu pichani ni wewe?"

"Ni mimi, dada wakili. Shati langu, kisu changu. Nilikuwa namtoa pweza jiweni."

Warda alikuwa amejiandaa kusikia akikana. "Siku gani?"

"Nitajuaje? Maji yakikupwa sana huwa nashuka."

"Alhamisi iliyopita ulikuwa wapi?"

"Dagoni, nashona nyavu. Wenzangu waliniona, lakini nao ni wageni kama mimi. Nani atawasikiliza?" Aliinamisha kichwa. "Nilimwahidi mama nitafunga naye siku ya kwanza ya Ramadhani. Ataambiwa mwanawe amefungwa kwa kuharibu mali ya wanawake."

Warda alimwonea huruma waziwazi, wala hakujali askari wa mlangoni alivyomtazama. Saa tano alipanda boti kwenda Jibondo.

Bi Hamisa alimpokea kwa uso wa mbuzi. Warda alimwamkia shikamoo, na marahaba ikaja nusu.

"Umekuja kumtetea aliyenimaliza?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Ukinifukuza nitaondoka." Warda akampa picha. "Mashine inasema hii ni ya Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi."

Bi Hamisa aliishika picha mbali kidogo na macho. Akahesabu kitu kwenye vidole vyake, kisha akaguna.

"Alhamisi iliyopita ilikuwa mwezi ishirini na moja Shaabani. Hayo ni maji mafu, mwanangu. Saa nne yamejaa, yananifika kifuani, ndiyo maana hatushuki. Huyu kasimama pakavu, hata kandambili hazijalowa! Hii ni picha ya bamvua." Uso wake ukalegea. "Basi si yeye?"

"Ni yeye, ila si siku hiyo."

"Na mimi nilimtemea mate gatini alipokamatwa," alisema Bi Hamisa kwa sauti ndogo.

Alimpeleka Warda akamwonyesha palipokatwa. Kamba hazikukatwa huku na kule. Zote zilikatwa mahali pamoja, penye upana wa jamvi, kama kwamba mtu alikuwa akichomoa kitu katikati yake. Bi Hamisa akatoa kwenye fundo la kanga kipande cha plastiki ya kijivu, chembamba, kilichopinda kidogo.

"Hiki kilikuwa kimenasa. Nilidhani takataka."

Warda alikifunga ndani ya leso. Jioni ile alimwandikia meneja wa mradi, Bwana Joost, Mholanzi, amletee faili halisi za picha na kumbukumbu za kurusha droni.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi walikutana ofisini kwa Inspekta Abubakari: Bi Hamisa, Bwana Joost, na Suleimani, mrusha droni wa mradi, kijana wa kijiji cha Kiegeani aliyejichagulia kiti cha karibu na mlango.

"Kompyuta haina ugomvi na mtu," Bwana Joost alianza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha kujifunza darasani. "Imemtambua, basi."

"Haikukosea mtu," alisema Warda. "Lakini sheria inataka tujue picha ilihifadhiwaje, na nani aliigusa. Nawaomba kila mmoja anisomee saa iliyoandikwa hapa. Inspekta?"

"Saa nne na dakika kumi."

"Bi Hamisa?"

"Nne na kumi, si hiyo hapo?"

"Bwana Joost?"

Meneja akavaa miwani. "Saa kumi na dakika kumi. Alfajiri." Akasita, akaisogeza picha karibu. "Lakini hapa jua linawaka!"

Inspekta aliinama kuitazama tena.

"Nami nimeisoma siku nzima bila kushtuka," alisema Warda. "Kamera huandika saa ya kizungu. Saa nne na kumi yetu ya asubuhi ingeiandika 10:10. Haijui kwamba sisi huanza kuhesabu jua likichomoza. Hii 04:10 imeandikwa na mtu, na mtu huyo anahesabu saa kama mimi na Bi Hamisa. Bwana Joost, nani wana neno la siri la kompyuta ile?"

"Wawili. Mimi na Suleimani." Aliposema hivyo akageuka polepole. "Mimi nilisoma asilimia tu. Sikuitazama saa."

Warda akafungua leso, akaweka kipande cha plastiki mezani. Lilikuwa panga la droni, lile linalozunguka kuiinua, limevunjika.

"Kumbukumbu zinaonyesha droni iliruka Jibondo tarehe 20. Wiki ile haikuruka huko siku nyingine. Suleimani, ndugu yangu, ilianguka wapi?"

Suleimani alikitazama kile kipande.

"Kwenye kamba za Bi Hamisa. Droni ile huelea, lakini ilijizonga kwenye kamba, na maji yalikuwa yanajaa. Niliogelea nikakata moja, nikakata nyingine. Nilidhani mbili tatu zitatosha. Nilipotazama nyuma..." Akafunika uso. "Mwezi wa kwanza niliiangusha minazini. Bwana Joost akaniambia ikianguka tena, kompyuta itairusha yenyewe, mimi nirudi nyumbani."

"Na Mabruki?" aliuliza Inspekta.

"Jina sikuliandika mimi. Nilitafuta picha ya mtu aliyeinama, nikaipata ya tarehe 14, nikabadilisha siku na saa. Nilidhani kompyuta itasema hajulikani. Ikatoa jina, nami nikanyamaza."

Bi Hamisa alimgeukia. "Wewe si mtoto wa Somoe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nyumba yangu unaijua?"

"Naijua."

"Ungenigongea mlango ukaniambia kindege chako kimenaswa. Ningeshuka nawe tukafungua kamba kwa kamba, hata kisu kisingehitajika. Kwa nini ulinihofu?"

 Suleimani alilia, na Bi Hamisa akatazama pembeni kwa sababu na yeye machozi yalimjaa.

Mabruki alitolewa saa tatu na nusu. Suleimani alimnyooshea mkono, lakini Mabruki hakuupokea.

"Nimekusikia kupitia mlango," alisema. "Mimi nilifungwa pingu gatini, watu wakitazama. Leo unanisafisha chumbani. Mkono nitakupa mbele ya watu walioniona nikivuliwa heshima."

Inspekta alimruhusu Suleimani aende Jibondo na askari. Mchana huo, swala ya Ijumaa ilipokwisha msikitini Jibondo, imamu aliwazuia watu wasitoke. Warda na Bi Hamisa walisikiliza wakiwa upande wa wanawake. Suleimani alisimama mbele.

"Mabruki Ally hakukata kamba," alisema. "Nilikata mimi. Nikaiacha mashine imtaje, nikanyamaza. Naomba radhi."

 Mabruki akanyanyuka kutoka safu ya tatu, akapita katikati ya watu, akampa mkono, na Suleimani hakuuachia upesi.